Kufundishia kwa Wavuti

Muhula ukianza katika vyuo vyetu vya biashara, wanafunzi husikia sentensi moja kutoka kwa karibu kila mhadhiri: notisi ziko kwenye mfumo. Wanaelewa maana yake. Wataingia kwa namba ya usajili na nywila, watapakua faili, watakwenda nalo steshenari kuprinti, na kuanzia hapo mambo yataendelea kama yalivyokuwa kabla kompyuta hazijafika chuoni. Uongozi ukiulizwa kama wahadhiri wanatumia teknolojia katika kufundisha, unaonyesha mfumo huo huo pamoja na idadi ya kozi zilizomo. Nina shaka kubwa na jibu hilo. Kilichofanyika ni kuhifadhi karatasi na kuzigawa, kazi yenye manufaa yake, ila bado haijastahili kuitwa kufundisha.

Ipo istilahi ambayo, ikishikwa vizuri, inautaja upungufu huo kwa jina: teknolojia za kufundishia kwa wavuti. Inasikika kama tafsiri tu ya maneno ya kigeni, na wengi huibadilisha kuwa “kufundisha mtandaoni” wakidhani hawajapoteza kitu. Wanapoteza vitu viwili, na vyote viwili vina uzito darasani.

Tuanze na wavuti. Katika mazungumzo ya kila siku neno mtandao limebeba maana nyingi mno. Mtandao ni kampuni ya simu: uko mtandao gani? Mtandao ni mawimbi: hapa kwetu mtandao unasumbua. Mtandao ni kundi la watu wanaobebana, na Watanzania wanaokumbuka siasa za mwaka 2005 wanawajua wanamtandao, kundi lililombeba mgombea urais. Juu ya hayo, mtandao ni intaneti nzima na kila kinachopatikana humo. Kwa maongezi hakuna ubaya, kwa sababu msikilizaji huchambua maana kutokana na muktadha. Istilahi haina bahati hiyo. Inabidi isimame peke yake kwenye mtaala, kwenye sera ya chuo na kwenye tasnifu, na ieleweke vilevile Dodoma, Mombasa na Bujumbura.

Intaneti ni miundombinu: nyaya, mitambo na kanuni zinazoziwezesha kompyuta za dunia kupelekeana data. Mizizi yake ni ARPANET, mradi wa Marekani ulioanza kazi mwaka 1969. Wavuti ni huduma moja inayopita juu ya miundombinu hiyo, na ni changa kuliko intaneti kwa miaka ishirini hivi. Mwingereza Tim Berners-Lee aliipendekeza mwezi Machi 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Wavuti ni kurasa zenye anwani, zilizofungamanishwa kwa viungo, zinazofunguliwa kwa kivinjari. Mkusanyo wa kurasa za taasisi moja au mtu mmoja ndio tovuti.

Lugha yetu ilipoyapokea maneno haya ilifanya jambo la kuvutia. Wasemaji wa Kiingereza waliita miundombinu kwa jina linalotokana na wavu, na huduma wakaiita kwa jina la utando wa buibui. Sisi tumepishana nao. Miundombinu tuliiita mtandao, neno la shina la kutanda, shina lile lile lililozaa utando. Huduma tukaiita wavuti, na ukilisikiliza neno hilo unausikia wavu ndani yake. Mwalimu anayetafsiri moja kwa moja bila kujua kwamba tumekwisha kupishana atajikuta anaita huduma kwa jina la miundombinu. Vitabu vya Kenya vimewahi kutumia mdahalishi kwa intaneti, kama vilivyotumia tarakilishi kwa kompyuta. Tanzania imebaki na intaneti na kompyuta. Sioni haja ya kugombana juu ya hayo. Ninachosisitiza ni kwamba wavuti ibaki wavuti, kwa sababu tofauti yake na intaneti inagusa namna tunavyofundisha.

Mfano ulio karibu ni WhatsApp. Ukweli usiofichika ni kwamba katika vyuo vingi darasa hai la intaneti ni kundi la WhatsApp linaloongozwa na kiongozi wa darasa, yule wanayemwita CR. Humo ndimo zinamotangazwa ratiba, ndimo mhadhiri anamotuma sauti ya dakika tatu kueleza swali lililowashinda. Hayo yote yanapita kwenye intaneti. Kwa maana kamili ya neno, hayako kwenye wavuti. Ujumbe hauna anwani ambayo mtu anaweza kuirudia baada ya mwezi mmoja. Swali zuri lililoulizwa Jumatatu linazikwa na salamu, matangazo ya michango na picha za mahafali kabla ya Ijumaa. Mwanafunzi aliyejiunga wiki ya tatu kwa kawaida hakuti maelezo ya wiki ya kwanza. Hakuna kumbukumbu ya nani amejaribu zoezi mara ngapi. Kwa upande mwingine WhatsApp inafunguka kwenye simu ndogo, inakula bando kidogo, na kila mtu anayo. Mhadhiri anayejua tofauti hii hatakidharau kifaa hiki. Atakitumia kuita watu na kutatua mkwamo wa usiku wa kuamkia mtihani, kisha ataweka mazoezi mahali penye anwani.

Upotevu wa pili uko kwenye kitenzi, na kwangu huu ndio mkubwa zaidi. Kufundisha na kufundishia hutofautiana kwa silabi moja, lakini silabi hiyo inafanya kazi ambayo lugha nyingine hutumia sentensi nzima kuifanya. Chumba cha kulia, maji ya kunawia, kalamu ya kuandikia: mnyambuliko wa kutendea unaingiza chombo au mahali ndani ya kitenzi, na bado tendo linabaki na mtendaji wake. Kalamu ya kuandikia haiandiki. Watanzania wana mazoea ya siku nyingi na mnyambuliko huu kwa sababu ya mjadala wa lugha ya kufundishia, na hakuna aliyewahi kuuelewa mjadala huo kana kwamba lugha yenyewe ndiyo itakayosimama mbele ya darasa. Teknolojia za kufundishia, basi, ni zile ambazo mwalimu anazitumia kufundisha. Asipokuwepo mwalimu anayefundisha kwa kuzitumia, zipo tu, kama vifaa vilivyonunuliwa.

Linganisha na istilahi iliyotamalaki katika nyaraka za vyuo: mfumo wa usimamizi wa ujifunzaji. Kama tafsiri haina kosa. Lakini ndani yake hamna mwalimu, na neno la kwanza lenye nguvu ni usimamizi. Kwa mtazamo wa ofisi ya taaluma hilo linafaa, maana mfumo unasajili wanafunzi, unatunza alama, unaonyesha nani ameingia na lini. Kwa mtazamo wa darasa, jina hilo limechangia kuwafanya watu wapime mambo ya kiofisi: kozi ngapi zimepandishwa, faili ngapi, asilimia ngapi ya wahadhiri wana akaunti. Nimesoma taarifa za namna hiyo na kila mara nimebaki na swali lile lile, kwamba mwanafunzi alifanya nini baada ya faili kufunguka.

Inafaa kukumbuka kwamba Moodle, programu huria ambayo vyuo vingi vya Afrika Mashariki vimejengea mifumo yao, haikuzaliwa kwa ajili ya usimamizi. Aliyeianzisha, Martin Dougiamas wa Perth, Australia, alikulia mbali sana katika maeneo kame ya magharibi mwa nchi hiyo, na akiwa mtoto alisoma kwa redio ya masafa mafupi kupitia shule ya hewani, huku mazoezi ya kuandika yakisafirishwa kwa ndege. Toleo la kwanza kamili la Moodle lilitoka mwaka 2002, likiegemea nadharia kwamba watu hujifunza wanapojenga kitu pamoja na wenzao na kukionyesha. Ndiyo maana ndani yake mna majaribio, kamusi ambazo wanafunzi wanaandika wenyewe, kumbi za mjadala, na shughuli ambayo mwanafunzi anasahihisha kazi ya mwenzake kwa vigezo vilivyowekwa. Vyuo vyetu vimechukua jengo zima vikalitumia kama stoo ya faili.

Sasa niingie kwenye elimu ya biashara, kwa kuwa hapa ndipo istilahi inapopata mwili. Maneno hayo nayo yana pande mbili. Tanzania ina Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanzishwa mwaka 1965, na huko elimu ya biashara ni hasa kuandaa wahasibu, maofisa ugavi, watu wa masoko na wataalamu wa mizani na vipimo. Nchini Nigeria, ambako tafiti nyingi juu ya wahadhiri wa elimu ya biashara zimefanyika, maneno hayo hutaja fani ya ualimu: kumwandaa mtu atakayekwenda kufundisha uhasibu, biashara na kazi za ofisi mashuleni. Msomaji anayelinganisha tafiti za huko na hali ya hapa sharti aliangalie hilo kwanza. Mhadhiri wa Nigeria anafundisha walimu watakaofundisha, hivyo namna anavyotumia wavuti itaigwa katika sekondari nyingi. Wa CBE anafundisha hasa watu watakaokwenda kazini moja kwa moja. Kinachowaunganisha ni kwamba masomo yao yanajifunzwa kwa mkono: huwezi kuujua uhasibu kwa kusikiliza tu.

Chukua kanuni ya uingizaji maradufu, ile ambayo Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494 na ambayo mpaka leo huwatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mhadhiri mwenye darasa la watu mia tatu hawezi kusahihisha zoezi la leja kila wiki. Anatoa majaribio mawili kwa muhula, anayarudisha wanafunzi wakiwa wamekwisha kusahau swali, na makosa yanahamia kwenye mtihani wa mwisho. Hapa wavuti inaweza kufanya jambo ambalo ubao hauwezi. Moodle ina aina ya swali la kukokotoa ambamo mwalimu anaandika tukio mara moja, anaweka nafasi za tarakimu, na mfumo unampa kila mwanafunzi tarakimu zake. Duka limenunua magunia ya mchele kwa mkopo. Mmoja anapewa magunia 40 kwa shilingi 180,000 kila moja. Anapaswa kufika 7,200,000. Aliyeketi jirani yake anapewa magunia 55 kwa 165,000, na jibu lake ni 9,075,000. Kunakili jibu hakumsaidii mtu. Wakitaka kusaidiana itabidi waelezane njia, na hiyo ndiyo faida.

Uzuri zaidi uko kwenye maoni ambayo mwalimu anayaandaa mapema. Mwanafunzi aliyeandika 9,705,000 amepitiliza jibu sahihi kwa 630,000. Mhasibu mzoefu anajua kwamba tofauti inayogawanyika kwa tisa bila baki mara nyingi ni dalili ya tarakimu mbili zilizopishana nafasi, kama hapa sifuri na saba. Mhadhiri anaweza kuliandika dokezo hilo ndani ya swali, ili mwenye kosa la aina hiyo aambiwe papo hapo: gawanya tofauti kwa tisa, kisha tazama tena ulivyonakili. Aliyeiingiza akaunti ya msambazaji upande wa debiti anapata maelezo mengine, kwamba aliyetoa mali kwa mkopo anaandikwa upande wa krediti kwa kuwa sasa tunadaiwa naye. Wanafunzi mia tatu wanaelekezwa kila mmoja kwa kosa lake saa nne usiku, na sauti wanayoisikia ni ya mwalimu wao, kwa sababu ndiye aliyeketi akafikiria watakosea wapi. Hili nalikubali bila kusita kwamba ni kufundishia kwa wavuti. Linagharimu muda mwingi kuandaa mara ya kwanza, na muda huo hakuna chuo ninachokifahamu kinachouhesabu sawasawa katika mzigo wa kazi wa mhadhiri.

Lahajedwali ni mfano mwingine, na lina asili yake humu humu katika elimu ya biashara. Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard mwaka 1978 alipowaza ubao ambao ukibadilisha tarakimu moja, hesabu zote zinazoitegemea zinajirekebisha. Wazo hilo likawa VisiCalc, iliyoingia sokoni mwaka 1979. Mwaka 2006 Google ikaliweka lahajedwali kwenye wavuti, na hapo kikapatikana kitu kipya: watu kadhaa ndani ya jedwali moja kwa wakati mmoja. Kikundi cha wanafunzi watano wanaandaa bajeti ya mradi wa ufugaji wa kuku. Mhadhiri anafungua jedwali lao akiwa ofisini, anaona nani yuko kwenye seli gani, anaona kwamba mmoja ameandika jumla kwa mkono badala ya fomula, anaacha maoni pembeni ya seli hiyo. Historia ya mabadiliko inaonyesha pia nani hajagusa kitu tangu Jumapili. Kazi ya kikundi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kazi ya mtu mmoja na majina ya watano, inapata ushahidi.

Kuna jambo jingine linalowahusu wahadhiri wa biashara kuliko wenzao wa fani nyingine. Biashara yenyewe imehamia kwenye wavuti. Kampuni nchini Tanzania inasajiliwa kwa mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Zabuni za serikali zinapitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Nchini Kenya mfanyabiashara anawasilisha ritani zake za kodi kwa iTax na kufuatilia huduma nyingine kupitia eCitizen. Mhitimu ambaye hajawahi kufungua kurasa hizo anaanza kazi akiwa nyuma. Kiswahili kinatupa uwezo wa kutofautisha: hapo mhadhiri anafundisha wavuti, yaani wavuti ndiyo somo, ilhali katika zoezi la leja alikuwa anafundishia kwa wavuti. Mipango mingi ya masomo inachanganya haya mawili na kuyapangia saa moja, kisha lile la kwanza linalimeza la pili kwa kuwa ni rahisi kulionyesha kwenye skrini.

Kwa nini basi matumizi yanabaki kwenye kupandisha notisi? Miundombinu ni sehemu ya jibu. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi pwani ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2009, vyuo vilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Hali imebadilika mno, ila mkongo nao hukatika: tarehe 12 Mei 2024 hitilafu kwenye nyaya za EASSy na SEACOM baharini ziliifanya intaneti kupotea au kuzorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Na hata nyaya zikiwa nzima, bando la mwanafunzi linaisha. Mhadhiri anayepakia video ya saa nzima amewafungia nje wengi wa wanafunzi wake, wakati swali la leja lile la magunia ya mchele ni maandishi matupu na linafunguka kwa data kidogo sana. Hilo ni chaguo la kialimu.

Watafiti hupenda kulieleza tatizo kwa modeli ya Fred Davis ya mwaka 1989, inayosema mtu hukubali teknolojia akiiona ina manufaa na ni rahisi kuitumia. Inaeleza mengi, lakini kwa mhadhiri naona imeishia njiani. Kupandisha faili ni rahisi na kuna manufaa, na ndiyo maana wengi wameishia hapo. Punya Mishra na Matthew Koehler, katika makala yao ya mwaka 2006, walikwenda mbele zaidi: ujuzi wa teknolojia, ujuzi wa kufundisha na ujuzi wa somo lenyewe vinapaswa kukutana ndani ya mtu mmoja. Mafunzo tunayowapa wahadhiri hugusa cha kwanza tu. Wanaitwa kwa siku mbili, wanaonyeshwa vitufe, wanapewa cheti. Mtu wa TEHAMA anayewafundisha hajui tofauti inayogawanyika kwa tisa, na mhadhiri anayeijua hajaambiwa kwamba inaweza kuingizwa kwenye swali. Ningependa kuona mafunzo yanayofanywa na idara moja moja, wahasibu kwa wahasibu, kila mmoja akija na kosa ambalo wanafunzi wake hulirudia kila mwaka, na akiondoka na zoezi linaloshughulika na kosa hilo.

Mwaka 2020 ungeweza kutusukuma. Vyuo vya Tanzania vilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya Uviko-19 na vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Kenya ilikaa muda mrefu zaidi. Wengi walihamishia mhadhara kwenye Zoom kama ulivyo, saa mbili mfululizo, na milango ilipofunguliwa wakarudi ukumbini kwa furaha. Kilichobaki ni neno jipya lililoanza kutumika, ujifunzaji mseto, ambalo nalipenda kwa kuwa kila mtu tayari anajua serikali ya mseto na mseto wa choroko na wali. Linakaa vizuri pamoja na kufundishia kwa wavuti bila kuingiliana: mseto unataja mpangilio wa kozi nzima, kufundishia kwa wavuti kunataja sehemu yake moja.

Katika kozi ya uhasibu ya mwaka wa kwanza sehemu hiyo si ngumu kuikata. Maelezo ya kwanza ya debiti na krediti yabaki darasani, mahali ambapo mwalimu anaona nyuso na kusikia mguno. Mazoezi ya leja, urari na daftari la fedha yaende kwenye wavuti, kila wiki, kwa tarakimu tofauti kwa kila mtu na maoni yaliyoandikwa na mwalimu mwenyewe. Mizania ifanywe na kikundi kwenye lahajedwali la pamoja, kisha iletwe ukumbini itetewe kwa mdomo mbele ya wenzao. Kundi la WhatsApp litangaze tarehe na kupokea vilio vya bando. Na kwenye taarifa ya mwisho wa muhula, pale palipokuwa na safu ya idadi ya faili zilizopandishwa, iandikwe idadi ya mazoezi ambayo mwanafunzi alikosea, akaelekezwa, akarudia.